Magoti ya Jukwaani

Mwisho wa mchezo ule wa kuchekesha, mke mkaidi alipaswa kupiga magoti na kumvua mumewe viatu. Waigizaji wenyewe, Zamzam na Badi, walikuwa mke na mume nyumbani pia.

Badi akanyoosha mguu. Zamzam hakuinama.

"Inama, bibi, tukalale," mtazamaji mmoja akamtania.

Badi akanong'ona, tabasamu lisimtoke: "Ukiniaibisha, nyumbani utanitambua."

"Nyumbani magoti yangu yameota sugu," Zamzam akajibu kwa sauti iliyofika viti vya nyuma. "Hapa siyapigi."

Akageuka, akaingia nyuma ya pazia. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, watu wakidhani ndivyo mchezo ulivyotungwa. Badi akacheka pamoja nao. Kisha akavua kiatu kwa mkono wake mwenyewe, akakishika barabara, akamfuata.