Mstari wa Saba

Bi Nunuu, fundi cherehani, alijifunza haraka kuliko alivyodhani. Kufikia adhuhuri vipimo vya wateja wake karibu wote vilikwisha toka daftarini na kuingia kwenye kompyuta: bega, kifua, kiuno, urefu.

Kisha kompyuta ikagoma. Rehani, binti aliyekuwa akimfundisha, akainama kutazama.

"Kuna jina limejirudia mara saba, mama. Zuwena. Programu inataka mteja mmoja, mstari mmoja. Inauliza tubaki na vipimo vya mwisho, vya zamani ivifute?"

"Ni mwanangu huyo. Nilimpima kila Idi."

"Basi si amekua? Vya zamani vya nini tena? Bonyeza ndiyo."

Bi Nunuu hakubonyeza. Alilisogeza daftari, akamwonyesha mstari wa saba. Bega halikuandikwa, wala kifua, wala kiuno. Palikuwa na urefu peke yake, na mwishoni, kwa mazoea ya kazi, aina ya nguo: sanda.

Rehani akauondoa mkono wake mezani, asijue auweke wapi.

"Hakuna namna vyote vikabaki?" Bi Nunuu aliuliza.

"Labda… kila mstari tuupe jina lake, mama."

Bi Nunuu akaiweka sawa miwani yake. Akaanza na mstari wa kwanza, kigauni cha kifua inchi kumi na nane, akidonoa herufi mojamoja: *Zuwena anayetambaa*. Akashuka mstari hadi mstari, mpaka wa sita: *Zuwena mapengo*.

Alipofika wa saba, vidole vilibaki hewani, na kile kistari cha kompyuta kikawa kinawaka na kuzimika mahali pa jina.