Nyumba Pamoja na Bibi Yake

Umewahi kupakwa hina ili nyumba ipate wateja? Mimi nimepakwa. Siku hizi nyumba huuzwa pamoja na mzee wake, ndiyo sheria, na yetu ilikaa miezi miwili bila mtu kuja kuitazama. Binti yangu Mwanakombo akapaka kuta chokaa, akabadilisha mapazia, kisha akanigeukia mimi. Akaninunulia kanga za maua mekundu na kuniweka barazani nipike vitumbua, harufu ifike njiani.

Wateja wakaanza kuja. Jana mama mmoja alionja kitumbua, akaitazama miguu yangu.

“Bibi anakoroma?”

“Hakoromi, dada yangu. Na hadithi anazo tele,” Mwanakombo akajibu.

“Basi tunaichukua. Hicho chuma cha vitumbua kinabaki?”

“Kila kitu kinabaki.”

Nikavigeuza vya mwisho visiungue. Mgeni alipotoka, Mwanakombo akaniinamia kunifunga vizuri mtandio.

“Umependeza, Mama. Nikija kukuona nikuletee nini?”

“Usiniletee kitu, mwanangu,” nikamwambia. “Mimi nilitaka tuhame sote.”