Neno la Siri la Mungai

"Kitunguu? Nani huweka kitunguu kuwa neno lake la siri?" Lazarus aliuliza, akichungulia kompyuta kutoka nyuma ya kiti.

Ivyne alibonyeza. Kompyuta ikamkataa.

Saa sita ya mchana ilikuwa inakaribia, na saa sita ndipo zabuni ingefungwa. Kampuni moja ya Hurlingham ilitaka mtu wa kupikia wafanyakazi wake mwaka mzima, na bei zilipokelewa kwenye tovuti yake tu. Walikuwa wamebaki wawili: Ivyne na Mungai. Mungai alikuwa na mtu wake ndani ya kampuni hiyo. Kila zabuni alinyamaza hadi dakika za mwisho, akanong'onezewa bei ya mwenzake, kisha akaweka yake chini kidogo. Mara mbili Ivyne alikuwa amerudi kwake Uthiru mikono mitupu. Akishindwa tena, jiko lake kubwa la gesi lingeuzwa.

Kwa hivyo Lazarus, mwenye saiba hiyo ya kukodisha kompyuta, hakumlaumu alipomwona akijaribu kuingia kwenye tovuti kwa jina la Mungai. Jina la kuingilia la Mungai lilikuwa lile la biashara yake, na lilichorwa ubavuni mwa gari lake, jiji zima likalisoma.

"Lakini chunga, siz. Ukikosea mara tatu wanafunga hilo jina hadi kesho. Ni dawa ya wezi wa kubahatisha."

"Hadi kesho? Una uhakika?"

"Kabisa. Mimi mwenyewe ilinipata."

Ivyne akaandika "sukumawiki". Ikakataa.

"Imebaki moja!" Lazarus alitokwa na jasho utadhani jiko ni lake. "Sikia, jaribu namba ya gari lake. Hawa wazee hupenda hiyo. Nakwambia itaingia!"

Ivyne aliondoa vidole haraka, kana kwamba herufi zimemchoma. Akafikiri kidogo. Kisha akaandika "Ivyne ni mrembo", akabonyeza.

Maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo: jina hilo limefungwa hadi kesho.

"Ai, siz! Si nilikuambia?" Lazarus alishika kichwa. "Sasa utaingiaje?"

"Kwa jina langu," Ivyne alisema. Akafungua ukurasa wake, akaitafuta bei aliyokuwa ameiweka asubuhi, akaipandisha.