Nyumba Thelathini na Nne

Mwamuzi alipopiga kofi la tatu juu ya turubai, Révérien alizima televisheni. Ndivyo alivyofanya kila Alhamisi tangu mkewe, Rosette, azikwe mwezi wa kumi na mbili: alikagua kipindi chake mpaka pigo la mwisho, akabonyeza kitufe, kisha akabaki anatazama kioo cheusi. Cha baada ya hapo hakuwa na haja nacho.

Kipindi kilikuwa cha mieleka, au kachi kama wanavyoiita Bujumbura. Kampuni yake ilikuwa na wapiganaji tisa, ulingo wa kuazima, ukumbi wa shule huko Nyakabiga, na jina kubwa kuliko hivyo vyote: Mamba wa Tanganyika. Washindani wake walikuwa Wamarekani wa kwenye dekoda, wenye moshi, mataa na misuli iliyopakwa mafuta. Kwa miaka miwili Révérien alikuwa msindikizaji tu.

Valéry, mkurugenzi wa kituo cha televisheni, hakumficha kitu. Nyumba thelathini zikitazama, kati ya hamsini zinazopimwa, wiki nne mfululizo, na Mamba watapewa saa nzima ya Jumapili alasiri. Zisipofika, kipindi kinafutwa. Nyumba hizo zilipitiwa kila Ijumaa asubuhi na mwalimu mstaafu, Spéciose, akiwa na daftari na swali moja aliloagizwa: jana saa kumi na mbili na nusu jioni mlikuwa mmefungua kituo chetu? Ndiyo au hapana. Spéciose si mtu wa kuongeza maneno kwenye kazi ya watu.

Januari zilikuwa nyumba sita. Katikati ya Machi zilifika ishirini na tisa. Kisha thelathini na moja, thelathini na tatu, thelathini na nne, na tena thelathini na nne.

"Félicitations, mukubwa," Valéry alimwambia ofisini. "Hata mupira haifikiaka hapa. Mbona haufurahi?"

"Nafurahi."

Alidanganya. Hakusikia kitu. Tangu mazishi, mema na mabaya yalimpita kama magari ya watu wengine barabarani.

Kwenye korido alimkuta Spéciose, akamuuliza watu wanasema nini juu ya Bonfils. Huyo ndiye bingwa wake, mwenye kinyago cha kijani.

"Hawaniambiaka kitu, patron. Wanajibu tu ndiyo. Ila kwa Mama Orlane, pale Nyakabiga, ikifika ile saa watoto wanakatazwa kuongea. Mpaka muzee anatafuta miwani yake."

"Muzee anapenda kachi?"

"Sijui. Anatafuta miwani."

Bonfils mwenyewe alikuwa na mashaka. Anapita sokoni, hakuna hata mmoja anayemwita. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye nyumba yake ni moja ya zile hamsini, alimuuliza juzi tu anafanya kazi gani mjini.

"Ni kinyago," Révérien alimjibu. "Hawajui sura yako."

Jumapili ilitaka ulingo wa kununua, lori la kuubeba, na wapiganaji sita zaidi. Révérien alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza: kiwanja cha Carama. Rosette alikuwa amepanda pale mistari miwili ya mihogo, akapima kwa hatua zake mahali pa jiko, na msingi ulikuwa umeshachimbwa. Faridi, fundi magari, alikitamani siku nyingi, lakini siku ya kutia saini ni yeye aliyesita.

"Muzee, una hakika? Hii ilikuwa ya mama."

"Mama hayuko," alisema Révérien. "Watu wanatuangalia sasa. Leo tumepewa Jumapili, mwaka ujao tutaenda Bukavu na Kigoma."

Alitia saini akiwa amesimama. Alingoja uchungu umshike, maana alijua unastahili kuja. Haukuja, akaenda kuulizia turubai.

Jumapili ya kwanza mambo yalikuwa moto. Ulingo uling'aa, taa zilifanya kazi, na Bonfils aliruka kutoka kamba ya juu mpaka ukumbi ukasimama. Jumatatu Spéciose alipita na daftari lake. Nyumba nne.

"Hawajazoea saa mupya," Valéry alisema kwenye simu.

Jumapili ya pili zilikuwa tatu. Ya tatu, mbili. Wapiganaji wapya wakaanza kuchelewa mazoezini, kisha wakaacha kuja. Valéry hakupiga simu tena. Révérien alikaa nyumbani, lori limeegeshwa mlangoni, akijaribu kuelewa watu wote wale wamekwenda wapi.

Ijumaa iliyofuata, Spéciose alibisha hodi kwake. Hakuwahi kufika pale. Alikaa ukingoni mwa kiti, daftari mapajani, akasema kwamba jana, Alhamisi, kituo hakikuwa na kipindi cha kujaza ile nafasi ya zamani ya mieleka. Kwa nusu saa nzima kilionyesha picha moja, chombo cha maua juu ya meza, na muziki wa kinanda. Yeye, kwa mazoea, alipita nyumba zake na kuuliza swali lake.

"Ngapi?" Révérien aliuliza.

"Makumi tatu na ine."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kitu kilimgusa kifuani, na kiliuma.

"Kwa picha ya maua?"

"Nilishindwa kunyamaza, patron. Nikamuuliza Mama Orlane." Spéciose aliinamisha macho. "Anasema tangu mwezi wa pili, nyuma ya kachi yenu, saa moja, pa kituo wanasomaka majina ya waliokufa. Watu wanawasha mapema. Ukikosa jina, mutu wako anazikwa na we haupo."