Soud na Taa ya Njano

Mimi mwanamme mwongo namjua kabla hajamaliza kukohoa. Wangu tu ndiye aliyenipita: nilikuwa nishakaanga vitunguu vya pilau ya watu ndipo nikaambiwa bwana arusi ni nani. Kwa hiyo ya Soud nayasema kwa raha, maana Soud si wangu.

Taa ya njano ilikuwa imewaka tena, pale mbele ya usukani, na fundi Jecha akaitazama kwa jicho la mtu anayetazama mkwe asiyemtaka.

"Jana nimekuzimia taa hii," alimwambia Soud. "Umeifanya nini?"

"Nimekwenda nayo Shumba, nikarudi. Kama kawaida yangu."

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mashindano, nyekundu, kichwa chini matako juu, panzi mtupu. Tibirinzi nzima haikuwa na mwenziwe. Kila alasiri Soud alivaa kofia ngumu na glavu, akaitoa, akapinda nayo kona ya msikiti, na ngurumo ikaanza. Walikuwapo waliosema wanamsikia tangu anapoondoka mpaka anapofika. Barazani alijisifu kwamba Shumba, huko kaskazini ya kisiwa, anaingia kabla kahawa haijapoa, na vijana wa barazani, ambao baiskeli zao hazina hata breki, walimwamkia utadhani waziri.

Wazee walilalamikia kelele. Bi Mwatima tu, mpishi wa maharusi anayekaa nyuma ya msikiti, ndiye aliyemtetea. Alisema kijana ana faida, mwacheni. Huyo naye siku hizi kapata nguvu za ajabu: wasaidizi wake wote kawaachisha kazi, na sufuria za arusi mbili anazipakua kwa siku moja.

Mwanakhamis, mke wa Soud, alisimama mlangoni mwa nyumba yao na furushi lake miguuni. Kila siku Shumba. Shumba kuna nini? Asubuhi alikuwa ameshamwambia mumewe: leo nataka kumjua huyo mwanamke, au narudi kwa baba Mkoani, na talaka utaniletea huko huko.

Jecha hakuwa fundi wa kukubali kushindwa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujua kwamba ameshindwa. Fyuzi alishabadilisha. Vichwa vya betri alishasugua. Mvua alishailaumu, na petroli, na hasadi ya watu. Kila akiizungusha pikipiki mwenyewe hapo mtaani, taa inalala. Soud akenda nayo Shumba, taa inaamka.

"Taa hii ya breki," alisema sasa, akijifuta mikono kwa tambara lililo chafu kuliko mikono. "Humu mna kompyuta. Inapima tairi la mbele na la nyuma. La nyuma likikimbia na la mbele limekaa kitako, inawaka. Yakhe, weye Shumba unakwenda kwa tairi moja?"

Soud alikohoa.

"Nainyanyua," alisema. "Mbele naiinua juu, nakwenda na la nyuma."

"Mpaka Shumba?"

"Mpaka Shumba."

"Na matuta?"

"Na matuta."

"Na askari wa barabarani wanakupigia makofi," alisema Mwanakhamis.

Jecha aliinama kwenye tairi la mbele. Vinywele vya mpira vya tangu dukani vilikuwa bado vimesimama. Akenda la nyuma. La nyuma lilikuwa na upara.

"Basi kweli anainyanyua," alisema fundi, na moyo wake ukatulia.

Mwanakhamis hakutulia. Alichutama, akapitisha kidole kwenye mnyororo, kikatoka na chembe nyeupe zinazong'aa. Akanusa. Akanusa tena.

"Nazi," alisema polepole. "Huyo wa Shumba anajipaka mafuta kwa ndoo, mpaka mnyororo unanukia?"

Jecha alijitia kutafuta spana.

"Usiondoke, Jecha, nataka shahidi. Haya, Soud. Sema."

Soud alilitazama furushi. Halafu akatazama ng'ambo ya njia, barazani, ambako karata zilikuwa zimesita hewani na kila sikio limegeuka. Mtu mwenye akili hapo angesema kweli. Soud alivua kofia yake ngumu, akaipakata, akapandisha sauti kidogo ili ng'ambo wasikose neno.

"Nimeoa," alisema. "Nimeoa Shumba. Anaitwa Mwanaasha."

Barazani mtu akasema mashaallah. Mwingine akamwaga kahawa.

Mwanakhamis hakulia. Alijitwisha furushi, akajifunga kanga vizuri.

"Umesikia, Jecha. Gari ya Mkoani ikipita, nisimamishie."

"Bi Mwanakhamis, subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Nimpikie arusi?"

Soud akatazama chini kwa huzuni ya mwanamme mwenye wake wawili. Ilimkaa vizuri. Pembeni ya mdomo, hata tabasamu lilikuwa linataka kumtoka.

Hapo ndipo Bi Mwatima alipotokea kichochoroni, kanga kiunoni, vumbi la makumbi mpaka kwenye nyusi.

"Soud, mwanangu, mbona unanichelewesha?" aliuliza. "Nazi za arusi zishavunjwa zote, mkanda wa mbuzi ya kukunia nishauweka tayari, linangojwa tairi lako la nyuma tu liizungushe. Na hiyo kofia irudishe kichwani, jana nazi zilikuingia machoni."