Neno la Kufungulia Maji

Kila asubuhi mfereji wa kila nyumba huonyesha herufi tatu, na maji hayatoki mpaka mwenye nyumba ataje neno la Kiingereza lenye herufi hizo. Akikosea, mfereji hufungwa siku tatu, na jirani haruhusiwi kumchotea.

Mwalimu Sidi hakuwahi kukosa maji, lakini mwaka huu uzee ulianza kumnyang'anya maneno. Jumatatu alibisha kwa jirani yake Mbodze.

"Mwanangu, nimepewa G, H na T. Nisaidie."

Mbodze alimtazama. Alipokuwa darasa la nne, mwanamke huyu alimvika fuvu la mbuzi shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili, akamzungusha shule nzima huku wenzake wakimzomea "mee". Ilikuwa miaka thelathini sasa. "Night" lilikuwa ulimini, na "light" pia.

"Sema 'gothal', Mwalimu. Ni neno la zamani."

Mwalimu alilirudia mara mbili, akashukuru, akaenda. Kutoka dirishani Mbodze alisikia neno likitajwa, kisha mfereji ukajifunga kwa kishindo. Akacheka peke yake.

Punde mlango ukabishwa tena. Mwalimu alisimama na ndoo tupu, macho yamemlowa.

"Usijilaumu, mwanangu. Neno ulinipa zuri, mimi ndiye niliyelitamka vibaya. Nifundishe tena, nisije nikakosea siku nyingine."

Mbodze alifungua mdomo amwambie kweli.

"Gothal," alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto, na Mwalimu akaifuatisha midomo yake.