Mkono Usio na Picha Chini Yake

"Ondoa picha ya chini, kisha uchore mkono sote tukikuona," mwalimu wa darasa la mtandaoni alimwambia Tuhfa kutoka Dar es Salaam, kupitia kishikwambi.

Tuhfa aliiondoa picha. Kwa siku ishirini na tisa alikuwa ametuma zoezi la kuchora mikono bila kukosa, na kila siku alikuwa amefuatisha mistari ya picha aliyoificha chini ya mchoro. Kuchora kwa kutazama hakujua. Na mwalimu alikwisha kuonya: atakayeshindwa leo ataondolewa darasani.

Mstari wake wa kwanza haukufanana na kidole chochote.

"Mama! Njoo unipe mkono wako, nakuomba."

Mama alitoka jikoni, vidole vikichuruzika tui. "Mwezi mzima wachora mikono ya watu usiowajua, leo ndiyo wauona wangu?"

"Nakuomba, mama."

Mkono ukatua mezani. Kidole gumba kilikuwa kimepinda, ukucha wake umepasuka katikati, na chicha ya nazi imenasa kwenye ufa. Tuhfa aliutazama kana kwamba ni wa mgeni.

"Zimebaki dakika nne," alisema mwalimu.

"Usiuondoe," alinong'ona Tuhfa, akafuta alichochora, akaanzia kwenye ukucha.